Mshale wa Raundi Umelala kwenye Sifuri

Tukuyu, Jumatano mchana.

Mvua tangu juzi, ile yetu ya Rungwe isiyo na haraka, inayonyesha kama mtu anayepalilia shamba kubwa. Ukungu umekaa juu ya mabati. Niko kwenye duka la kompyuta karibu na stendi, koti limelowa, nachapa kwa kidole kimoja. Shajara yangu, leo sina nguvu ya kutia chumvi.

Wanaonisoma humu mtandaoni wamezoea mambo mengine. Nimeshawaeleza nilivyoshusha tani kumi za viazi mlima Kitonga bila breki, kwa gia na kukohoa tu. Nimeshawaeleza habari za chui aliyepanda kwenye lori langu Isongole akashukia Uyole kama abiria mwingine. Hayo yote ni kweli, ila chui nakubali huenda alikuwa paka mkubwa.

Leo naandika jambo ambalo sijamwambia hata mama Lusekelo, na huyo nimelala naye chumba kimoja miaka thelathini.

Sisikii.

Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto lina siku zake. Ukikaa mbele yangu, chumba kimetulia, nikauona mdomo wako, tunaongea vizuri na hutajua kitu. Ila injini ikiwaka tu, dunia nzima inakuwa pamba.

Naliandika humu kwa sababu watu wa Tukuyu hawaingii humu. Tajiri wangu Bwana Shabani, mwenye lori, hata ujumbe wa simu anasomewa na binti yake. Mpwa wangu wa Dar aliyenifungulia ukurasa huu akisoma, basi asome anyamaze.

Sasa nieleze kwa nini ni msiba. Jina langu mjini hapa ni Sikio. Hakuna anayeniita la ubatizo. Shule niliacha darasa la nne, lakini injini nimezisoma mpaka mwisho wa kitabu. Tangu enzi za malori ya ushirika, mafundi walikuwa wananifuata nyumbani nije nisikilize. Nilikuwa nalala kitandani, blanketi mpaka kichwani, lori linapita barabarani, nasema huyo ni fulani, amebeba mahindi, nozeli ya tatu inavuja, na asubuhi amegombana na mkewe. Wakienda kumuuliza, yote kweli. La mkewe nilikuwa nabahatisha, lakini dereva gani hajagombana na mkewe?

Ushirika ulipokufa na malori yake yakaota majani uani, wenzangu walirudi kulima. Mimi sikulala njaa hata wiki. Ndiyo miaka ile kila mwenye duka alianza kuagiza lori lake la mtumba kutoka Japani, na Bwana Shabani alipolishusha la kwake alinijia mwenyewe, na kanzu yake, kwenye matope, akasema nataka Sikio. Lori lenyewe tukaliandika mbele SINA HARAKA. Miaka kumi na mbili tuko nalo.

Kwa hiyo unaona. Mtu anayeitwa Mguu akivunjika mguu, afanyeje?

Nilianza kujua miaka miwili iliyopita, pale Isongole. Nilikuwa nimesimama wanapakia viazi, nikaona injini imezima. Nikazungusha ufunguo. Kumbe ilikuwa inaunguruma vizuri tu. Meno ya stata yakasagana mpaka watu wakashika mashavu. Mimi niliyajua kwa nyayo za miguu, siyo kwa masikio. Wakaniuliza, Sikio, vipi tena? Nikasema nanoa meno ya stata, ni ufundi wa Kijapani. Wakaamini. Hilo ndilo baya la kuwa na sifa, watu wanakuamini hata ukiharibu.

Ndipo nikaanza kuitazama saa ya raundi.

Asiyeijua, ni ile saa kwenye dashibodi, kando ya saa ya spidi, yenye mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Madereva wengi wa huku hawana habari nayo. Mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka wanaoitazama, nawaambia hiyo ni fimbo ya kipofu. Sasa ikawa fimbo yangu. Mshale ukifika elfu mbili napandisha gia. Ukishuka elfu moja na mia mbili naongeza nguvu au narudisha gia. Miaka miwili nimeendesha hivyo, Masukulu mpaka Dar na kurudi, na hakuna aliyegundua. Kwa majivuno yangu yote, hilo ndilo kubwa kuliko Kitonga, na siwezi kumsimulia mtu.

Wiki tatu zilizopita mshale ukaanza kutetemeka kama kuku mwenye mdondo. Halafu ukawa unalala kwenye sifuri, unaamka, unalala.

Siku ulipolala moja kwa moja nilikuwa napandisha kilima cha Lufingo na mzigo wa ndizi, akina mama watatu wenye mzigo wamekaa juu yake. Sikujua injini inakaribia kuzima. Nikachelewa gia. Ikazima. Lori likaanza kurudi nyuma, na breki za lori lenye mzigo kwenye tope si breki za kusimulia. Tuliteleza hatua kama kumi, tairi la nyuma likakamatwa na tuta la udongo. Upande wa kushoto ni bonde, chini kabisa kuna migomba midogo kama karoti.

Akina mama waliposhuka, mmoja akasema, "Sikio, leo ulitaka tukasalimie marehemu?" Nikamwambia nilikuwa nawapima imani. Wakacheka. Nikacheka nao.

Basi nikaanza kuutafuta ugonjwa wa ile saa. Na hapa niseme wazi, nililitafuta tatizo kwa akili, siyo kwa kupapasa.

Fyuzi nzima. Saa ya joto na saa ya mafuta ziko nayo kwenye kisanduku kimoja na zinafanya kazi, maana yake umeme unaingia na ethi, waya wa kuurudisha, ipo. Imebaki mbili: waya unaoleta habari, au saa yenyewe. Nyuma ya oltaneta, ile inayozalisha umeme wa lori, kuna waya mmoja mwembamba, huo ndio unaopeleka hesabu ya mzunguko kwenye saa. Niliufungua, nikausugua kwa msasa, nikakaza. Mshale haukutikisika. Nikavuta waya mpya kabisa kutoka oltaneta mpaka dashibodi, nikaupitisha pembeni. Mshale ukaamka. Nikaendesha mpaka Kiwira naimba, ingawa sijui niliimba nini. Kwenye daraja ukalala tena. Nikapiga dashibodi ngumi, ukaamka. Nikapita shimo, ukalala.

Kinachoamka kwa kupigwa ngumi kimepasuka mahali ndani. Hilo hata wa darasa la nne anajua. Ilibidi kisanduku chote kifunguliwe, na kifunguliwe na mtu anayejua kulehemu vitu vidogo.

Tukuyu nzima mtu huyo ni mmoja. Ni mkamwana wangu.

Mke wa Lusekelo amesomea ufundi wa redio chuoni Mbeya. Ana chumba chake cha kazi Makandana, kwenye nyumba yao, anatengeneza redio, televisheni, chaja, kila kitu chenye waya. Mwanzoni nilisema mke wa mwanangu hatashika bisibisi mbele za watu. Nilisema hivyo huku redio yangu nikiituma kwake kupitia mama Lusekelo, inarudi inaongea.

Sasa kwa sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutani nawe uso kwa uso. Akikuona njiani anaingia migombani. Ukiingia nyumbani mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Neno lake kwako linapita kwa mtu mwingine. Wengi wameshaiacha desturi hiyo, wenzangu wa kanisani wanakula meza moja na wakamwana wao. Mimi ndiye niliyeshikilia. Nasema ukweli wangu leo, sikuishikilia kwa ajili ya mababu. Ilinipendeza mtu akimbie nikipita. Miaka sita, uso wake nimeuona kwenye picha ya harusi tu, na hapo ana shela.

Jana asubuhi, Jumanne, nilikipeleka kisanduku. Lusekelo yuko Kyela kwenye mpunga. Nilikiweka kwenye kigoda mlangoni, nikakaa nje chini ya baraza na mgongo wangu kwa mlango, mama Lusekelo akawa mjumbe. Baada ya saa moja akatoka.

"Anasema risasi ya kulehemu imepasuka nyuma ya saa, ufa mwembamba kama unywele. Ameshachoma upya. Ila anataka kujaribu na injini ikiwaka kabla hujaondoka nayo."

Nikasema mwambie ana akili. Nilikuwa na furaha, shajara yangu. Sijafurahi hivyo tangu lori lishuke bandarini.

Tukalipanga hivi. Lori nikalisogeza ubavuni mwa nyumba, dirisha langu likiangalia dirisha lake. Yeye ndani na kisanduku juu ya meza, kanga imetundikwa dirishani tusionane. Nyaya tatu ndefu zikatoka kwenye lori, zikapita katikati ya nondo za dirisha, mpaka mezani kwake. Mama Lusekelo akasimama mlangoni, huku anamsikia mkamwana, huku ananiona mimi. Maagizo yakaja kabla sijawasha: mia sita, halafu elfu moja taratibu, halafu nisizidi hapo mpaka aseme.

Akaongeza, "Anasema hana wasiwasi, Tata hahitaji saa kujua elfu moja." Tata ni baba, ndivyo anavyoniita.

Nikatabasamu kama mjinga. Nikawasha.

Pamba ikajaa masikioni. Nikakanyaga kidogo kwa kukisia, nikihesabu mtetemo kwenye kiti. Mama Lusekelo akainua mkono. Nikakanyaga zaidi. Akaanza kuupunga, juu chini, juu chini, mdomo wazi. Nikasema moyoni anataka ifike elfu mbili ile ninayoitaka. Nikaongeza. Akapunga kwa mikono miwili. Nikaongeza tena. Kuna moshi nikauona dirishani, nikajua ni wa bomba langu umezungushwa na upepo.

Kumbe waya wa umeme ulikuwa umechubuka kwenye nondo. Ulikuwa unaungua, na mama Lusekelo alikuwa anapiga kelele, zima, zima, zima. Majirani watatu walitoka kwa kelele hizo. Mimi niliyekaa hatua nne kutoka kwake sikusikia hata sauti ya mbu.

Mlango wa lori ukafunguliwa. Mtu akapanda kwenye kibao cha kukanyagia, mkono ukapita mbele ya kifua changu ukazungusha ufunguo.

Alikuwa mkamwana.

Kichwa wazi, kanga imeanguka, jasho. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Kumbe ni mtu mwenye macho makubwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimebabuka, kwa sababu alikuwa ameung'oa ule waya kwa mkono mtupu kabla meza haijashika moto. Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama nyuma ya redio nadhani. Halafu akasema polepole, akiufungua mdomo ili niuone, kwa ule wingi wetu wa heshima:

"Tata, hamsikii."

Hakuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwamba nilimshika mkono ule nikasema pole, mwanangu. Nimefuta mstari huo mara mbili. Sikufanya hivyo.

Nilinguruma. Nilisema mbele ya majirani kwamba mwanamke huyu ameingia mpaka kwenye gari la baba mkwe wake, kichwa wazi, na kwamba huko chuoni walimfundisha waya wakasahau kumfundisha adabu. Niliongea kwa sauti kubwa, nikaona hivyo kwa jinsi majirani walivyorudi nyuma. Nilisema ili asibaki hata mmoja mwenye nafasi ya kujiuliza kwa nini sikuzima.

Akashuka. Akapiga goti kwenye tope, mkono ule mbovu ameubana kwapani, akainuka akaingia ndani. Mama Lusekelo akampeleka kufungwa dawa. Majirani wakasema Sikio mkali, mila anaijua. Mmoja akanipa mkono.

Kisanduku kimeungua. Nyuma yake palikuwa pameyeyuka kama mshumaa, na saa zote sasa zimekufa, siyo ya raundi peke yake. Mshale niliugusa kwa kidole, ukazunguka mara moja bila kushikana na kitu, ukarudi kwenye sifuri.

Jioni mama Lusekelo alirudi. Akasema daktari amesema vidole vitapona, ila kidole cha shahada huenda kikabaki kizito. Kidole anachoshikia bisibisi. Nikamuuliza mkamwana amesema nini kuhusu waya.

"Amesema waya ulikuwa mbovu. Amesema si kosa la mtu." Akaanza kumenya ndizi. Halafu akageuka, bahati nzuri akageuka nikauona mdomo. "Na ametuma neno kwako. Anasema, mwambieni Tata apumzike. Upumzike nini, wewe unaumwa?"

Nikasema labda ananitakia mema.

Mke wangu alibeba neno lile mkononi mwake kama barua iliyofungwa, hakujua lilichobeba. Nilijua mimi.

Sikulala vizuri. Nilikuwa naona migomba midogo kama karoti.

Leo alfajiri nilikwenda uani kwa Bwana Shabani. Mzigo wa Dar ulikuwa umeshapakiwa, ndizi za Masukulu, na wale wale akina mama watatu wamekaa na vikapu vyao wanangoja. Nikamwambia tajiri kisanduku cha saa kimeungua chote. Nilitumaini atasema basi, lori lisiende. Nilitaka saa ndiyo ionekane imeniangusha.

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Sikio, lini wewe umetazama saa? Litupe huko hilo lidude. Nenda zako, una masikio ya jini wewe."

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Na leo usitupime imani, tulishafaulu."

Ufunguo ulikuwa mkononi. Ingekuwa rahisi sana kupanda. Miguu yangu inalijua lile lori, mkono unaijua gia, na watu wote pale walikuwa wananisukuma kwa kicheko. Nilipanda mpaka kwenye kibao. Nikaweka mkono kwenye mlango. Pale kwenye chuma, karibu na mshikio, palikuwa na tope la vidole vya mkamwana, mvua haijaliosha kwa sababu mlango ulikuwa upande wa ukuta.

Nikashuka.

Nikamwambia Bwana Shabani mgongo umenikamata. Unaona, shajara yangu, hata pale. Mgongo. Niliongeza kwamba ni jeraha la zamani, la siku ile nilipoliinua tela kwa bega Kitonga. Akaniamini. Akasema pole, Sikio, dereva asiyeumwa mgongo si dereva, utapona safari ijayo. Akamwita Ambokile, dereva wa lori lake dogo, akampa ufunguo wangu.

Hakuna safari ijayo. Hilo nalijua mimi na mtu mmoja mwingine.

Nilisimama kwenye lango la uani kwenye mvua. Niliona moshi mweusi ukitoka, nikajua Ambokile amekanyaga sana. Niliona mwili wa lori ukishtuka, nikajua amechelewa gia ya pili. Tairi zikazunguka, tope likaruka, mama mmoja akanipungia kanga kutoka juu. Likapita mbele yangu lote, karibu kiasi cha kuligusa, kama kitu kilichochorwa kwenye ukuta. Likaingia kwenye ukungu.

Bwana Shabani alikuwa ananiambia kitu, upande wa kulia. Nikatikisa kichwa nikakubali. Sijui nilikubali nini.

Sasa ni mchana na niko hapa. Nimejaribu kufikiri nitakayoyasema Lusekelo akirudi kutoka Kyela akaukuta mkono wa mkewe umefungwa. Nimejaribu kufikiri kazi ya mtu wa umri wangu anayejua kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kimeondoka. Sioni. Kulima, shamba nililigawa kwa wadogo zangu siku za majivuno, nikasema mimi jembe langu lina magurudumu sita.

Ninachoweza kufanya ni kwenda Makandana nikasimame mbele ya mlango wake, siyo kwa kuupa mgongo, niseme pole kwa mdomo wangu bila mjumbe. Nimeshatoka nyumbani mara mbili leo kwa nia hiyo. Mara zote mbili miguu imenileta stendi.

Tena nikienda, atanijibu. Na akinijibu akiwa ameinamisha uso, kama alivyofundishwa kunijibu, sitamsikia. Nitamwambia mtu huyo ainue uso anitazame, mimi niliyemfokea jana kwa kuinua uso?

Mwenye duka ananionyesha saa yake, muda umekwisha. Mvua bado. Kesho kutakucha tu, nikitaka nisitake, na malori yatapita.